Kicheko Kilipokatika: Maoni Yetu Juu ya Riwaya ya One for the Money

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kikundi cha wasomaji, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, hamjambo.

Nimepewa kazi ya kuwasilisha maoni ya wenzetu juu ya kitabu tulichokimaliza, nami nimeyaandika daftarini tangu Jumamosi ya kwanza. Nitayatoa kama yalivyosemwa barazani. Nikifika penye maoni yangu, nitasema ni yangu.

Kwa ambao hawakuwa nasi: tulisoma riwaya ya Kiingereza iitwayo One for the Money. Mwandishi wake ni Janet Evanovich wa Marekani, nayo ilitoka mwaka 1994. Tulikuwa na nakala mbili na watu kumi na wanne, na sita kati yetu Kiingereza hakiwakai sawa. Basi kila Jumamosi baada ya alasiri mmoja alisoma, mwingine akageuza kwa Kiswahili papo hapo. Hili naliweka mbele kwa sababu limegusa maoni yote. Wenzetu karibu nusu hawakukisoma kitabu, walikisikia. Kichekesho kinachosikiwa na watu kumi na wanne waliokaa jamvi moja ni kitu kingine kabisa na kile anachokisoma mtu peke yake kitandani. Barazani ukicheka, unamwona jirani yako ambaye hakucheka.

Kisa kiko Trenton, mji mkuu wa jimbo la New Jersey, katika mtaa wa Chambersburg ambao wenyewe wanauita Burg. Katika kitabu ni mtaa wa Wamarekani wenye asili ya Italia na Ulaya ya mashariki, nyumba zimebanana, kila mtu anajua mwenzake kapika nini. Trenton ulikuwa mji wa viwanda. Kampuni ya Roebling ya huko ndiyo iliyotengeneza nyaya zinazoshikilia Daraja la Golden Gate la San Francisco, na hadi leo juu ya daraja moja la Mto Delaware pana maandishi makubwa yanayosema kwamba Trenton hutengeneza na dunia huchukua. Viwanda vile vingi vimefungwa. Tulipofika hapo, mzee wetu mmoja aliyewahi kuajiriwa kiwanda cha mbolea hapa Tanga aliomba tusimame kidogo. Akasema mji huo anaujua. Hajawahi kupanda ndege maisha yake, lakini mji wenye mabango ya kazi na kazi yenyewe haipo, anaujua.

Msichana wetu anaitwa Stephanie Plum. Ana miaka thelathini, ameolewa na kuachika ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa mnunuzi wa nguo za ndani za kike kwa ajili ya duka moja la Newark, akapunguzwa kazi. Gari lake limechukuliwa na wanaomdai. Anauza samani moja moja, na anayebaki naye chumbani ni hamsta, mnyama mdogo jamii ya panya, anayelala ndani ya kopo la supu. Katika shida hiyo anakwenda kwa binamu yake Vinnie, mwenye ofisi ya dhamana, na kwa kumtisha kidogo anapata kazi ya kuwasaka watoro. Mtoro wake mkubwa ni Joe Morelli, askari polisi aliyeshtakiwa kwa mauaji akaruka dhamana. Morelli huyo waliwahi kuwa na kisa tangu ujanani. Alimwumiza moyo, na Stephanie baadaye akamgonga kwa Buick ya baba yake, akamvunja mguu. Dhamana ni dola 100,000. Akimrudisha, fungu lake ni dola 10,000.

Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza, tena maswali ya haki. Ofisi ya dhamana ni kitu gani? Tunaye karani mstaafu wa mahakama, naye jioni nzima ikamwishia kwenye swali hilo. Kwetu mshtakiwa huletewa wadhamini: jirani, mjomba, mwajiri, wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Hawalipwi. Wanaweka jina lao, na mshtakiwa akitoroka ni juu yao. Kwa Wamarekani, katika majimbo mengi, udhamini ni biashara. Mshtakiwa asiye na fedha yote anamlipa mfanyabiashara sehemu yake, mara nyingi asilimia 10, ambayo hairudi. Mfanyabiashara anaiwekea mahakama dhamana ya kiasi kamili. Mtu akitoroka, fedha ya mfanyabiashara iko hatarini, kwa hiyo anaajiri msakaji. Na msakaji huyo ana nguvu za ajabu kisheria, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Taylor na Taintor la mwaka 1872, ilimpa mdhamini haki ya kumkamata aliyemdhamini popote alipo, hata kuingia nyumbani kwake.

Karani wetu alisema maneno ambayo nimeyapigia mstari. Alisema kumbe taharuki yote ya kitabu hiki imejengwa juu ya udhamini usio na undugu. Kwetu mtu akitoroka anamkimbia mjomba wake, na aibu ndiyo inayomrudisha. Huko aibu haimrudishi mtu, ndipo analazimika kutumwa msichana mwenye pingu. Kisha tukagundua jambo ambalo mwandishi wa 1994 asingeweza kulijua: New Jersey yenyewe ilibadilisha sheria yake, na tangu Januari 2017 dhamana ya fedha imekaribia kutoweka katika jimbo hilo. Kazi ya Stephanie, kwenye mji wake mwenyewe, leo karibu haipo.

Sasa maoni.

Wote, hata waliokichukia kitabu, walimpenda Bibi Mazur. Huyu ni mama wa mama yake Stephanie, mwenye miaka sabini na kitu, anayependa kwenda kuaga miili ya marehemu kama wengine wanavyopenda harusi. Kuna chakula cha jioni ambapo bibi anaikuta bastola ya mjukuu wake, anaishika, na kuku wa kuokwa aliyewekwa mezani anapigwa risasi ya makalio. Mgeuzaji wetu siku hiyo hakupata shida yoyote. Vichekesho vingine vilimtoa jasho, maana vinakaa ndani ya majina ya vyakula na maduka ya huko, lakini kuku aliyepigwa risasi mezani anaeleweka Tanga, anaeleweka Kigoma. Mama mmoja alitoka nje kwenda kukohoa.

Mwenzetu anayefundisha fasihi alituonya tusidhani ucheshi huu umekuja wenyewe. Evanovich alianza kwa kukataliwa. Amesimulia mwenyewe kwamba alijaza sanduku zima barua za wachapishaji waliomkataa, akalichoma moto, akaenda kutafuta kazi ya ofisini. Baadaye aliandika riwaya fupi za mapenzi kadhaa, nyingine kwa jina la Steffie Hall, mpaka akaona anataka visa vyenye hatari. Akachukua kama miaka miwili kujifunza: kukaa na wasaka watoro, kuongea na askari, kulenga shabaha. Mwalimu wetu alisema ukisikiliza vizuri, kila kichekesho kimewekwa mara tu baada ya kitisho au kabla yake kidogo. Simu inapigwa usiku na mtu mbaya, na ukurasa unaofuata mama yake Stephanie anauliza kama atakuja kula nyama ya kuokwa. Mimi nakubaliana naye. Wako wenzetu wawili waliosema kitabu ni chepesi, ni cha kupitisha wakati, na wakaomba tusome kitu chenye uzito. Nimeyaandika maoni yao kwa heshima, ila nadhani wamekosea. Kumtisha msomaji ni kazi. Kumchekesha ni kazi. Kumfanya acheke huku mkono wake bado umeshika ukingo wa kiti ni kazi ya tatu, na waandishi wengi wakubwa hawaiwezi.

Filamu yake tuliitazama pia, ile ya mwaka 2012 aliyocheza Katherine Heigl. Hatukuizungumza sana. Kijana mmoja alisema jambo lenye maana: kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, na ucheshi wote umo katika namna Stephanie anavyojisimulia. Ukimwondoa msimulizi ukabakisha matukio, unapata msichana anayepata ajali.

Mapenzi yalitugawa. Katika kitabu hiki yupo Morelli, na yupo Ranger, Mmarekani mwenye asili ya Kuba, askari wa zamani wa kikosi maalumu, anayemfundisha Stephanie kazi. Nimesikia kwamba wasomaji wa Marekani wamegombana juu ya wanaume hawa wawili kwa miaka mingi. Jina la kitabu limetoka katika kibwagizo cha watoto cha kuhesabu kabla ya kuanza mbio, na mwandishi ameendelea kuhesabu mpaka mfululizo umepita vitabu 30. Barazani kwetu ugomvi ulianzia bafuni. Morelli anaingia nyumbani kwa Stephanie akiwa anaoga, wanagombana, na mwisho anamfunga pingu kwenye bomba la pazia la bafu, akiwa mtupu, kisha anaondoka zake. Inambidi ampigie Ranger simu aje kumfungua.

Vijana wa kiume walicheka sana. Wanawake wengi walicheka nao mwanzoni, kisha nikaona wanaanza kutazamana. Shangazi mmoja, mwenye miaka sitini na mbili, aliuliza swali moja tu: huyu ndiye tunayetakiwa tumtamani awe mume? Hakujibiwa. Dada mwingine akamtetea mwandishi, akasema Stephanie naye alikwishamvunja mguu Morelli, na alikuwa amelichukua gari lake, kwa hiyo wanalipana. Shangazi akasema kuvunja mguu kunapona hadharani, kila mtu anakuona na bendeji. Kuvuliwa heshima ndani ya nyumba yako unabaki nako peke yako. Mabishano hayo yaliendelea hadi magharibi ikaingia, watu wakaenda kuswali, wakarudi, yakaendelea. Upande wa Ranger ulipata kura nyingi siku hiyo kwa sababu moja ambayo sikuitarajia: alipoingia bafuni kumfungua, alimfungua.

Lakini jambo lililonifanya niombe nafasi ya kusimama hapa leo ni Lula.

Lula ni mwanamke mweusi anayejiuza katika Mtaa wa Stark. Stephanie anakwenda kumwuliza habari za bondia mmoja, Benito Ramirez, mtu mkatili sana kwa wanawake. Lula anaongea naye kidogo, anamwambia anachojua. Kwa kosa hilo la kuongea, siku moja Stephanie anamkuta Lula nje ya dirisha lake, amefungwa kwenye ngazi ya chuma ya dharura, damu imemtapakaa, amepigwa na kuumizwa vibaya kupita kiasi. Ni ujumbe. Bondia ameutumia mwili wa Lula kumwandikia Stephanie barua.

Siku tuliyofika hapo msomaji alikuwa bado ana sauti ya kuchekesha, maana kurasa za nyuma zilikuwa za kuchekesha. Akasoma sentensi mbili kwa sauti ileile, kisha sauti ikamwishia. Mgeuzaji hakugeuza. Wale sita wasiosikia vizuri Kiingereza walikuwa wanatusubiri, wanatutazama usoni, na sisi tuliosikia tunatazama chini. Nimefundisha miaka thelathini na moja, sijawahi kuona darasa linanyamaza vile.

Baada ya hapo kitabu kinaendelea, na kurasa chache mbele vichekesho vinarudi. Mama yetu mmoja akamwomba msomaji afunge kitabu. Alisema mwandishi hana haki. Alisema ukishamleta mwanamke katika hali ile mbele ya macho yangu, usiniletee tena hamsta na kopo lake. Akaondoka, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Aliyejibu alikuwa muuguzi wetu. Alisema yeye amekaa wodi ya majeruhi miaka mingi, na kwamba watu wanaotibu vidonda hucheka. Wanacheka chai ikifika, wanacheka wakibadilishana zamu, wakati aliyepigwa na mumewe amelala hatua nne kutoka hapo. Si kwamba wamemsahau. Wasipocheka, kesho hawaji kazini, na mgonjwa anabaki bila mtu. Akasema Stephanie anamsimulia msomaji kwa ucheshi kwa sababu anaogopa, na tangu ukurasa wa kwanza alikuwa anaogopa, sisi ndio hatukujua. Yule kijana wa filamu akafungua ukurasa ule tena, akatuonesha kwamba pale ngazini mwandishi hakuweka kichekesho hata kimoja. Alijua pa kunyamaza.

Nilikwenda nyumbani nikiwa upande wa muuguzi. Usiku huo nilisoma tena, na nikaona kwamba mama aliyeondoka naye ana haki, kwa sababu ambayo yeye hakuitaja. Tatizo langu haliko kwenye kicheko kilichorudi. Liko kwa aliyelipa. Stephanie ndiye aliyeuliza maswali, Stephanie ndiye aliyeingia Mtaa wa Stark bila kujua anachokifanya, na mwili uliopigwa ni wa mwingine, mweusi, maskini, asiye na jamaa wa kumwekea dhamana. Mwandishi alihitaji kututisha, akachagua nani aumizwe, na alichagua yule ambaye riwaya nyingi huchagua.

Wasomaji wa huko wamelijadili hili pia, hasa Wamarekani weusi, maana Lula hakuishia ngazini. Katika kitabu cha pili amepona na anafanya kazi ya mafaili katika ofisi ya Vinnie, na kadiri mfululizo unavyokwenda anakuwa mwandani wa Stephanie katika kila msako. Wengine wanampenda kuliko wahusika wote, wanasema ndiye mwenye moyo na ndiye mwenye kusema kweli. Wengine wanasema amefanywa kituko: unene wake, nguo zake za kubana, njaa yake, kelele zake, vyote vimewekwa tumcheke mwanamke mweusi mnene. Mimi nimesoma vitabu vinne vya mbele ili nisiwadanganye, na nasema pande zote mbili nimeziona ndani ya ukurasa mmoja. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba msomaji anayeanza mbele huko, akacheka na Lula, anaweza asijue kabisa kwamba mwanamke huyu tulimkuta ngazini. Kitabu cha kwanza kinajua. Ndiyo sababu nawaomba wanaotaka mfululizo huu waanzie mwanzo.

Mwalimu wa fasihi aliuliza kwa nini riwaya pendwa zetu hazina Stephanie. Tulikua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, akivuta kiko chake na kufikiri. Tulikua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, na Nuru akiwa ubavuni mwa Joram. Wanaume wenye akili na mabastola, wasioshindwa kulipa kodi ya chumba. Nilizipenda riwaya hizo na bado nazipenda, nimewasomesha wanangu kwa hizo. Lakini barazani kwetu wanawake tisa kati ya kumi na wanne walisema kwamba kwa mara ya kwanza wamesikia mpelelezi anayehesabu sarafu kabla ya kununua mkate, anayekemewa na mama yake, anayekosea, anayeshikwa na woga na bado anarudi kesho yake. Mmoja wao, binti wa miaka ishirini na miwili, ameanza kuandika. Kisa chake kinaanzia barabara ya kumi na mbili hapahapa, na mhusika wake anakusanya madeni ya kikundi cha kukopeshana. Ametusomea kurasa sita. Zinachekesha, na ukurasa wa tano umenitisha.

Yule mama aliyeondoka nilimfuata nyumbani kwake. Sikwenda kumshawishi arudi. Nilikwenda kumwuliza kama naweza kuyasoma maoni yake hapa, akakubali, akasema nisiyalainishe. Leo amekuja, yuko pale karibu na mlango. Nimemwomba jambo moja zaidi, na amelipokea baada ya kufikiri siku tatu. Ukurasa ule wa ngazini, ambao wenzetu sita hawakuusikia kwa sababu mgeuzaji alishindwa, ameugeuza yeye kwa Kiswahili, kwa mkono wake, kwenye karatasi. Atausoma sasa. Akimaliza, naomba tukae kimya mpaka yeye mwenyewe atakaporudi kukaa.

Karibu, mama.